Picha ya Duka la Thika

Msomaji mpendwa, wahenga walisema kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama siku ile nilipoingia katika duka moja la zamani mjini Thika, nikiwa ndiye mgeni, mwenyeji wangu alipona au niliuongeza ugonjwa wake. Hayo utayaamua mwenyewe ukishayasoma haya hadi mwisho.

Duka lenyewe ni la Mhindi mmoja mzee, mwenye umri upatao miaka themanini na sita. Zamani lilikuwa duka la vitambaa, sukari, chumvi na mafuta ya taa. Siku hizi rafu zake zina vumbi kuliko bidhaa. Mzee huyu alikuwa akijiandaa kulifunga duka hilo kabisa. Watoto wake walikwisha hamia ng'ambo, mkewe alikuwa amelazwa, na gharama za hospitali hazikuwa na huruma. Aliniita kwa sababu alikuwa akisoma makala zangu, na alitaka nimtazamie kitu.

"Karibu, bwana mwandishi," aliniambia huku akinisogezea kiti cha mbao. "Kaa kwanza. Chai inakuja. Kisha utaniambia kama mimi ni tajiri au ni maskini."

Kitu chenyewe kilikuwa picha. Ilikuwa imetundikwa juu ya sanduku la fedha tangu yeye akiwa mtoto mchanga. Haikuzidi upana wa gazeti lililokunjwa mara moja. Ndani yake mlikuwa na mfalme wa Kihindi amepanda farasi mweupe, kilemba kichwani, upinde mkononi. Mbele yake simba alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma. Upande wa kulia palikuwa na mkokoteni wa ng'ombe uliobeba duma aliyefungwa kitambaa machoni. Chini, kando ya kijito, swala weusi wenye pembe zilizosokotwa walikuwa wakikimbia. Na kule juu pembeni, mbali kabisa na mfalme, walisimama wanyama wawili wa rangi ya hudhurungi, wenye nyuso ndefu, ambao kwa maoni yangu ya kwanza mchoraji hakuwapatia.

Dalali mmoja kutoka Nairobi alikuwa amekwisha iona. Alisema kuwa ni kazi ya miaka mia tatu iliyopita, kutoka nyumba ya wafalme wa Bara Hindi, na kwamba alikuwa tayari kutoa shilingi laki tatu taslimu. Alikuwa arudi baada ya siku nane.

"Laki tatu zitamtoa mama watoto hospitalini," Mzee alisema. "Lakini babu yangu alikuwa muuza chumvi. Muuza chumvi alipata wapi picha ya mfalme?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Nikamwomba anipe siku hizo nane nami nikatafute elimu.

WAFALME NA HESABU ZAO

Yafaa kwanza tueleze picha za namna hii zilitoka wapi. Wafalme wa Kimughal, ambao walikuwa Waislamu wenye asili ya Asia ya Kati, walianza kuitawala India ya kaskazini mwaka wa 1526. Mkuu wao, Akbar, alitawala tangu 1556 hadi 1605. Inaaminika kuwa Akbar hakujua kusoma, lakini alipenda vitabu kupita kiasi, hasa vitabu vyenye picha. Aliwakusanya mafundi wa kuchora, Waajemi kwa Wahindi, akawaweka katika karakana moja kama tunavyowaweka maseremala.

Kazi haikuwa ya mtu mmoja. Mmoja alipanga picha na kuichora kwa mistari, wa pili akaipaka rangi, na pengine wa tatu akamalizia nyuso. Karatasi kadhaa zilibandikwa pamoja kwa gundi hadi zikawa nene, kisha zikasuguliwa kwa jiwe laini mpaka ziking'aa. Brashi zilitengenezwa kwa manyoya ya kindi, nyingine nyembamba mithili ya unywele mmoja. Rangi ya samawati ilisagwa kutoka jiwe la thamani lililochimbwa Afghanistan, kijani kutoka jiwe la shaba, na dhahabu ilikuwa dhahabu kweli.

Na walichora nini? Vita, harusi, ibada, na zaidi ya yote, uwindaji. Mwaka wa 1567 Akbar aliwinda karibu na Lahore kwa njia iliyoitwa kamargha. Maelfu ya watu waliizunguka nchi, wakawaswaga wanyama kwa muda wa mwezi mzima hadi wakakusanyika katika duara moja. Kisha mfalme akaingia peke yake na farasi wake. Picha ya tukio hilo, iliyopangwa na mchoraji Miskina, imo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London. Anayeitazama huona mfalme mmoja na wanyama wengi mno wasio na pa kukimbilia.

Akbar aliwapenda duma pia. Walifugwa, wakafunzwa, wakapelekwa mawindoni kwa mikokoteni, macho yamefungwa, kisha wakafunguliwa mbele ya swala. Mwaka wa 1572 duma mmoja aliyeitwa Chitr Najan aliruka korongo pana akamkamata swala upande wa pili. Mfalme alifurahi hata akampandisha cheo, akaamuru ngoma ipigwe mbele yake kila atokapo. Ama kweli, dunia ina mambo!

Lakini aliyewashinda wote ni Jahangir, mwana wa Akbar, aliyetawala tangu 1605 hadi 1627. Huyu aliandika habari za maisha yake kwa mkono wake, na humo aliweka hesabu ya wanyama na ndege kama mwenye duka anavyoweka daftari. Tangu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hadi mwaka wa kumi na moja wa utawala wake, wanyama na ndege 28,532 waliwindwa mbele yake. Kati ya hao, 17,167 aliwaua yeye mwenyewe. Wenye miguu minne walikuwa 3,203 na ndege 13,964. Njiwa peke yao walifika 10,348.

Pamoja na hayo, mtu huyo huyo alikuwa na swala wake kipenzi aliyeitwa Mansraj, na swala huyo alipokufa mfalme alimjengea mnara mrefu mahali panapoitwa Sheikhupura, katika Pakistan ya leo. Na alipofikia umri wa miaka hamsini aliapa kutoua tena kiumbe kwa mkono wake, ingawa baadaye kiapo hicho kilimshinda. Moyo wa binadamu ni msitu.

PUNDA ALIYEDHANIWA AMEPAKWA RANGI

Sasa, msomaji, nataka unisikilize vizuri, maana hapa ndipo Afrika yetu inapoingia.

Jahangir alikuwa na mchoraji aliyeitwa Mansur. Mfalme alimpa jina la heshima lenye maana ya kuwa yeye ni wa pekee katika zama zake. Kazi ya Mansur ilikuwa wanyama. Kila kiumbe kigeni kilipoletwa katika jumba la mfalme, Mansur aliitwa akitazame na kukichora sawasawa. Mnamo 1612 aliletwa bata mzinga kutoka Goa. Akachorwa, hata ile nyama nyekundu ya shingoni haikusahauliwa.

Mwaka wa 1621 aliletwa mnyama mwingine. Alitoka Habeshi, akaletwa na watu waliokuja pamoja na Waturuki. Alikuwa punda milia. Watu wa jumbani walipomwona hawakuamini. Wengine walisema kuwa huyu ni punda wa kawaida aliyepakwa rangi na wajanja. Ilibidi achunguzwe ndipo ikakubalika kuwa milia ile ni kazi ya Muumba mwenyewe. Baadaye Jahangir alimpeleka mnyama huyo kwa Shah Abbas wa Iran awe zawadi. Lakini kabla hajaondoka, Mansur alikuwa amekwisha mchora.

Picha hiyo nayo iko London, katika jumba lile lile. Sijapata kuiona kwa macho yangu ila katika vitabu, lakini hata kitabuni inashangaza. Hakuna mfalme ndani yake. Hakuna mkuki wala farasi. Ni punda milia peke yake, amefungwa kamba, amesimama kimya, na kila mstari uko mahali pake, masikioni hadi kwatoni. Mnyama yule alikufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Lakini leo mtoto wa Ruiru ambaye hajaona punda milia maishani mwake akionyeshwa karatasi hiyo, atamjua mara moja.

Kuna na mfano mwingine wa kutia uchungu. Kule St. Petersburg, Urusi, imehifadhiwa picha ya ndege dodo wa Mauritius, ambayo wataalamu wengi huihesabu kuwa kazi ya Mansur. Dodo alikwisha toweka duniani kabla karne ya kumi na saba haijakwisha. Leo wanaotaka kujua rangi ya manyoya yake hawana budi kuitazama picha hiyo.

Nilipofika hapo katika usomaji wangu nilifunga kitabu nikawaza. Mfalme alihesabu, mchoraji akatazama. Hesabu ya mfalme, je, inatufaa nini leo? Ni majivuno tu. Lakini kutazama kwa mchoraji kumetuachia mnyama.

UWINDAJI WA KWETU

Huenda ukaniuliza, hayo ya Lahore yanawahusu nini watu wa Thika na Ruiru? Yanawahusu sana. Uwindaji wa kifalme ulifanyika hapa hapa petu, ila mfalme wake hakuvaa kilemba.

Mwanzoni mwa karne iliyopita Mmarekani tajiri, William Northrup McMillan, alikuwa na shamba kubwa mno katika nchi hii iliyo baina ya Ruiru, Thika na mlima wa Ol Donyo Sabuk. Aliliita Juja. Mwezi wa Mei 1909 alimpokea hapo mgeni mashuhuri, Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka kuwa Rais wa Marekani miezi michache tu iliyotangulia. Roosevelt alikuja na mwanawe Kermit, mabingwa wa elimu ya viumbe, na wapagazi wengi kama jeshi.

Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1910, Roosevelt aliandika sura nzima juu ya shamba la Juja, viboko wake na chui wake, na sura nyingine juu ya kuwinda nyati kando ya Mto Kamiti, katika mafunjo ambayo leo hayafiki mbali na nyumba za ghorofa. Naye pia aliweka hesabu. Mwisho wa safari yake ya Afrika, yeye aliua wanyama 296 na mwanawe 216, jumla 512. Haki isemwe: alisema aliwinda kwa ajili ya elimu, na ngozi na mifupa mingi ilipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, ambako wanasayansi wanaitumia hadi sasa. Kamera zilipiga picha, michoro ikachorwa, vitabu vikauzwa Marekani. Lakini wachungaji waliosimama kando ya njia wakitazama msafara ule ukipita, wao waliachiwa nini?

Mmoja wa wachungaji hao alikuwa babu yangu. Mwaka ule wa 1909 alikuwa mvulana wa miaka kama kumi na minne, akichunga mbuzi wa baba yake upande wa Ruiru. Nami nilipokuwa mtoto, katika miaka ya sitini, alikuwa mzee sana, hupenda kuota jua nje ya nyumba. Wanyama walikuwa wamekwisha kupungua au kuondoka kabisa upande wetu. Palikuwa na kahawa, mkonge na matrekta.

Babu alitaka tuwajue. Alichukua bakora yake akachora mavumbini. "Huyu ni mbogo," alisema. "Pembe zake zinakutana hapa, kama nywele zilizopasuliwa njia." Kisha faru. Kisha kongoni. Kongoni alimchora mara nyingi zaidi, maana alikuwa mnyama wa nchi ile kwa wingi. "Usimkosee," aliniambia. "Uso wake ni mrefu kama wa mtu aliyefiwa. Mabega yako juu, matako yako chini. Na pembe zake hazikusokotwa, zimekunjwa kama kiwiko."

Mimi nilikuwa mtoto wa shule mwenye penseli na daftari. Je, niliyaandika? Sikuandika. Niliichora kongoni ile? Sikuichora. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira. Jioni mbuzi walirudi zizini wakapita juu ya michoro ya babu, na kesho yake aliichora upya. Mwaka wa 1972 alifariki, na tangu siku hiyo hapana aliyechora tena uani petu.

Miaka mitano baadaye, 1977, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Ilikuwa hatua njema kwa nchi nzima, lakini kwa tambarare za Juja na Ruiru mengi yalikuwa yamekwisha pita. Ni mlima wa Ol Donyo Sabuk, uliofanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1967, uliobaki na nyati wake, na pale mlimani pia lipo kaburi la McMillan aliyefariki mwaka wa 1925.

India nayo haikusalimika. Duma waliotolewa macho vitambaa na wafalme walipungua hata ikabidi matajiri wa huko waagize duma kutoka Afrika. Baina ya 1918 na 1945 duma wapatao 200 walipelekwa huko kwa meli. Haikusaidia. Mwaka wa 1952 ilitangazwa kuwa duma hayuko tena katika India, na ilikuwa lazima kungoja hadi Septemba 2022 ndipo wanane wakaletwa kutoka Namibia kujaribu kuanza upya.

LENZI YA FUNDI SAA

Siku ya saba nilirudi Thika. Nilikuwa nimejifunza kuwa tangu karne ya kumi na tisa picha za wafalme zimekuwa zikinakiliwa kwa wingi, na kwamba siku hizi katika miji ya Rajasthan wako mafundi stadi wanaochora picha mpya juu ya karatasi kuukuu zilizotolewa katika madaftari ya zamani. Kazi yao si wizi wakisema ni mpya. Wizi ni wa yule anayesema ni ya miaka mia tatu.

Tulimwazima fundi saa wa jirani ile lenzi yake ya jichoni. Kwanza nilitafuta vitone vidogo vidogo vya mashine ya kupiga chapa. Havikuwapo. Ilikuwa kazi ya mkono kweli. Uso wa Mzee ukachangamka.

"Sasa tuitoe katika fremu," nilimwambia.

Alisita. Tangu azaliwe haikuwa imetolewa. Tulifungua misumari minne iliyoshika kutu, tukaondoa ubao wa nyuma, tukaigeuza karatasi. Nyuma yake ilijaa maandishi ya Kigujarati, safu kwa safu, na tarakimu upande wa kulia. Mzee alivaa miwani akasoma polepole. Chumvi, magunia matatu. Amerikani, majora mawili. Mafuta ya taa, madebe manne. Kisha akanyamaza.

"Kuna nini, Mzee?"

"Hapa pameandikwa Ruiru," alijibu. "Mteja wa Ruiru, anadaiwa. Na mwaka ni 1979."

Nilidhani amekosea. Lakini kalenda ya Vikram wanayoitumia Wagujarati katika vitabu vyao vya hesabu imetangulia ya kwetu kwa miaka hamsini na sita au hamsini na saba. Mwaka wao wa 1979 ni 1922 kuingia 1923. Hii ilikuwa karatasi ya daftari la duka lile lile. Babu yake alifika Thika akiifuata reli iliyofika hapo mwaka wa 1913, na huu ulikuwa mwandiko wake.

Basi picha haikutoka jumba la mfalme yeyote. Ilichorwa hapa, kwa karatasi iliyokwisha tumika, baada ya 1922, na mtu aliyekuwa akikumbuka picha alizoziona kwao. Mzee aliketi. Baada ya muda alisema kuwa baba yake alikuwa na ndugu mdogo aliyekufa kijana kwa homa. Ndugu huyo, kwa masimulizi ya nyumbani, hakuwa na faida yoyote dukani kwa sababu alishinda akichora juu ya karatasi za kufungia sukari.

Nilichukua lenzi nikatazama tena pale juu pembeni, kwa wale wanyama wawili wenye nyuso ndefu niliodhani hawakupatiwa. Dalali alikuwa amesema ni nilgai, mnyama wa India. Niliwatazama mabega. Yalikuwa juu. Matako yalikuwa chini. Pembe hazikusokotwa kama za wale swala wengine. Zilikuwa zimekunjwa kama kiwiko.

Msomaji mpendwa, sikuona haya, machozi yalinitoka. Wale walikuwa kongoni. Simba, duma na swala weusi kijana yule aliwachora kwa kukumbuka picha za kwao. Lakini kongoni hawa wawili hakuwatoa katika picha yoyote. Aliwaona kwa macho yake, pengine nyuma ya duka lile lile. Kwa miaka hamsini nilikuwa nimewakosa, nao walikuwa wakinitazama kutoka ukutani mwa duka la Thika, ambako mama yangu alinunua chumvi.

MZEE NA DALALI

Siku ya nane dalali alikuja. Mzee, mtu mwaminifu, alimwonyesha upande wa nyuma.

Dalali alicheka. "Mzee, rudisha ubao wako. Piga misumari. Nani atageuza nyuma? Bei yangu ni ile ile."

Nilimtazama Mzee. Nilijua hesabu ya hospitali ilikuwa mfukoni mwake, maana alinionyesha. Sikuwa na haki ya kumshauri lolote, kwa kuwa si mke wangu aliyelazwa.

"Na kama nitaiuza kwa jina lake la kweli?" aliuliza.

"Kwa jina lake la kweli nitakupa elfu tano. Kwa ajili ya fremu."

Mzee aliichukua picha akaiweka chini ya kaunta. "Babu yangu aliandika katika karatasi hii kila aliyemdai, hata senti," alisema. "Siwezi kuandika uwongo upande wa pili."

Dalali akaenda zake. Mzee baadaye aliuza rafu zake, mizani yake ya shaba na haki ya kupanga duka, akalipa sehemu ya deni, na jamaa zake wakachanga iliyobaki. Aliniruhusu niandike habari hii kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Nimetimiza.

Kwa nini nimekusimulia haya? Kwa sababu huenda nawe unayo picha ukutani, iwe ya Kihindi au ya Kiafrika, au daftari la marehemu, au mzee anayejua umbo la mnyama ambaye hukuwahi kumwona. Ukijiwa na mnunuzi, igeuze kwanza nyuma. Itazame kwa lenzi. Usiisafishe kwa maji wala sabuni, usiigandishe kwa gundi, na usiipige jua. Muulize mkubwa wa nyumba ilitoka wapi, na uandike jibu lake na tarehe. Pengine itakuwa haina thamani sokoni. Lakini thamani ya sokoni ni hesabu ya mfalme.

Juzi niliwapeleka wajukuu wangu kumwona Mzee nyumbani kwake. Mkewe amerudi, ingawa anatembea kwa fimbo. Picha imetundikwa sebuleni, na Mzee ameitilia fremu yenye kioo pande zote mbili, ili mgeni aweze kuwaona kongoni mbele na deni la Ruiru nyuma. Mjukuu wangu wa mwisho, msichana wa miaka minane, aliniuliza mnyama yule ni nani mwenye uso wa huzuni.

Nilimpa penseli na karatasi. "Mchore kwanza," nilimwambia. "Ukimaliza nitakwambia jina lake, na wewe utaliandika hapo chini."